Kadi Kuukuu na Mikono ya Binti Yangu

Watu wasio na shida wanalipenda sana neno "nunua". Ukiwaambia mlango haufungi, nunua mwingine. Ukiwaambia kompyuta haionyeshi picha vizuri, nunua kompyuta. Wanalisema kwa upole, wengine hata kwa huruma, utadhani wewe hukulifikiria mwenyewe hapo ulipoketi. Mwaka huu nimeambiwa neno hilo na watu wa kila bara, na kila mmoja wao nilitamani nimpate ana kwa ana hapa Juba, mtaa wa Hai Jalaba, nimkalishe kwenye benchi la duka langu, nimwonyeshe binti ambaye habari yote hii inamhusu.

Duka langu ni la kuchapa na kutoa nakala. Watu huja na barua za kuomba kazi, matangazo ya misiba, kadi za harusi. Mimi napiga chapa, wao wanasimama nyuma ya bega langu wakinirekebishia majina ya wajomba zao. Kompyuta yenyewe ni kongwe, nzito kuibeba, na ndani yake kuna kadi ya picha ambayo kampuni iliyoitengeneza iliacha kuitambua zamani. Inatumia Linux, kwa sababu mfumo niliokuwa nao kwanza ulikuwa ukiliwa na virusi vya flashi za wateja kila nikigeuka. Linux nilijifunza kwa kuhangaika, nikaipenda. Kadi ile ilihitaji draiva yake, yaani programu inayouelekeza mfumo namna ya kuitumia kadi, na draiva niliyokuwa nayo ilikuwa ya umri mmoja na kadi. Zilielewana kama mume na mke waliozeeka pamoja, na mimi sikuwaingilia.

Binti yangu ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha hivyo kabla hajaanza kutembea. Tulipokuwa wakimbizi Uganda alisoma shule ya msingi pamoja na viziwi wenzake, akaijua lugha ya alama mpaka mikono yake ikawa na utani na matusi sawa na midomo ya mtoto mwingine yeyote. Kisha tukarudi Juba. Hapa mtu wa kuzungumza naye kwa kasi yake ni mmoja tu, mwalimu wake wa zamani, mwanamke ambaye naye ni kiziwi, na ambaye kila Jumamosi hutokea kwenye kioo cha kompyuta yangu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi alama nazijua, za nyumbani na za sokoni. Wao wawili wanasengenya watu, wanabishana mambo ya Mungu, wanacheka mpaka kiti kinalia. Kelele za majenereta za mtaa huu, ambazo sisi wengine zinatupasua vichwa, yeye hazimhusu.

Naomba jambo moja lieleweke, kwa sababu hapo ndipo wengi walipokataa kunielewa. Wewe ukiongea na ndugu yako kwa video na picha ikakwama, sauti inaendelea, na habari unazipata. Picha kwako ni pambo. Kwa kiziwi picha ndiyo sauti. Mkono ukiruka kutoka kifuani mpaka kwenye paji la uso bila kuonekana ulikopita, neno limepotea. Yakipotea maneno kadhaa mfululizo, watu wawili wanabaki wanatazamana tu.

Sasa, huko kwa yule mwalimu kuna shule ya sekondari ya viziwi, na bweni lao la wasichana lilikuwa limebakiza kitanda kimoja. Waombaji walikuwa zaidi ya mmoja. Walio mbali, shule ilisema, watafanyiwa usaili kwa video na watahini watatu Alhamisi asubuhi, na lazima waonekane wakitumia alama, mikono yote miwili pamoja na uso, kwa kuwa masomo yote yanafundishwa hivyo. Hapa Juba nilikuwa nimezunguka kutafuta sekondari ya kumfundisha kwa mikono mpaka soli za viatu zikaisha, nisiipate. Alhamisi hiyo ikimpita, angerudi kukaa nyuma ya darasa la watoto wanaosikia, ananakili ubao wenye nusu ya maneno, huku mwalimu akiongea amewapa mgongo.

Basi, siku chache kabla ya usaili, shangazi yangu wa mtaa wa Gurei akafariki.

Msiba, au bika kama tunavyouita hapa, hauendwi kwa saa moja ukarudi. Unakaa, unapika, unalala chini na wenzako. Na sisi wenye maduka ya mstari mmoja tuna desturi yetu: mwenzako akifiwa, unachukua ufunguo wake na kumfungulia duka, wateja wasije wakazoea kwingine. Ufunguo wangu nilimwachia jirani yangu, Mganda anayeuza chaja na makava ya simu. Ni mtu mwema, mwenye imani, asiyejua kukaa bila kazi. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Kampala, na kuna desturi ya pili, kwamba hakuna anayerudi kutoka Kampala mikono mitupu. Mwenye watoto analetewa viatu. Fundi cherehani analetewa nyuzi. Mimi, mama wa kompyuta, niliteremshiwa kwenye flashi toleo jipya kabisa la Linux, huko ambako intaneti ni nyingi, kwa sababu jirani anajua jinsi bando zinavyotuuma hapa.

Kompyuta anazijua, kiasi cha kumtia mtu matatani. Akaamua kunipa zawadi ikiwa tayari imepikwa. Mimi nikiwa Gurei nasonga ugali wa waombolezaji, yeye alikaa kwenye kiti changu akaweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Mafaili yangu yote aliyaacha salama, hilo silikatai. Kisha, alipoona kile kiini cha zamani, yaani moyo wa mfumo, bado kimelala humo, pamoja na draiva yangu na faili lake la akiba nililolitunza kando, akaona ni takataka. Akavifuta vyote.

Niliporudi Jumatatu mchana alinisubiri mlangoni anang'aa uso. Kioo kilikuwa na picha mpya ya mlima na rangi za kuvutia. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilipoigusa tu kompyuta, nikaona kidonda: herufi zimevimba, kioo kimekwama kwenye ukubwa mmoja, ukurasa unasogea kwa kujikokota. Nikasema moyoni labda inajizoeza. Binti yangu, aliyekuwa amenifuata kutoka msibani, akampigia mwalimu wake amsalimie. Mwalimu akatokea, akainua mkono, na mkono ukawa ukungu, ukapotea, ukarudi ukiwa miwili. Binti alisogea karibu na kioo, akarudi nyuma, akasogea tena. Kisha akanigeukia, akanionyesha kwa kiganja kilichopita kwenye kifundo cha mkono, huku na huku: mwalimu amekatwa mikono. Mteja aliyekuwa anasubiri nakala alipiga hatua nyuma.

Nilikasirika, na sitaki kulipamba hilo. Nilikwenda duka la pili nikamuuliza jirani amefuta nini.

"Ile ya zamani, mama," akasema. "Ilikuwa inakaa tu bure, inakula nafasi. Mimi nilikusafishia."

"Nani alikutuma usafishe?"

"Mama, hii mpya iko mzuri. Watu ya Kampala wote iko natumia hii."

Nikamwambia watu wa Kampala hawana binti yangu. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika, kwa kuwa alikuwa amenifungulia duka siku zote hizo na senti haikupotea. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na huyu bwana mbacha wangu hakuuacha tu, aliuchoma moto akanipa majivu kwa mikono miwili. Alisimama ameinamisha kichwa, anarudia malesh, malesh, mama, yaani samahani. Wenye maduka wakatoka kutazama, na wote wakawa upande wake. Mtu kakuletea zawadi kutoka mbali, unamfokea mbele za watu? Asante ya punda ni mateke, mmoja akasema, kwa sauti iliyopimwa ili nisikie.

Niliwaacha na punda wao nikaenda kutafuta msaada kwenye intaneti, na huko ndiko nilikopata hasira ya kweli. Ile ya jirani ilikuwa na upendo ndani yake. Hii haikuwa na kitu.

Tovuti ya kampuni ilisema kwa sentensi moja kwamba kadi yangu haihudumiwi tena kwenye mifumo mipya. Basi. Hebu tuelewane: kadi haijaharibika. Feni yake inazunguka, haipati moto, haijawahi kuniangusha. Kilichokufa ni nia ya mtu fulani ofisini, aliyeona hakuna faida kubadilisha mistari michache ya maandishi ili chombo kizima kiendelee kufanya kazi. Wanakuuzia kitu, halafu siku moja wanaamua kwamba ulichonunua hakipo. Muuza nyanya wa soko la Gurei akifanya hivyo atapigwa.

Nikaingia kwenye majukwaa wanakoulizana watu wa Linux. Nikaeleza kila kitu kwa adabu. Wa kwanza akaniuliza nani siku hizi anatumia kadi kama hiyo. Wa pili akasema mahali pake ni makumbusho. Wa tatu akanifariji kwamba draiva ya bure iliyokuja ndani ya mfumo mpya inatosha kwa matumizi ya kawaida. Kawaida ya nani? Nikajibu kwamba binti yangu huzungumza kwa mikono na Alhamisi ana usaili, na picha inakatikakatika. Yule wa tatu akarudi upesi, tena na alama ya tabasamu: basi aandike.

Niliinuka nikatoka nje nisije nikaipiga kibodi. Aandike. Mtoto ana lugha yake kamili, ameisomea, anaiota, na mtu aliyeketi sijui wapi, tumbo limejaa, anamwambia aiweke pembeni kwa sababu draiva ni ya zamani. Angemwambia mtoto wake mwenyewe anyamaze maisha yote kwa sababu ya spika mbovu? Shemeji yangu anayekaa upande wa Bilpam naye akanipigia kushauri tutumie simu, nikamweleza kwamba simu yangu ndiyo inayoipa kompyuta intaneti, na kwamba hata nikiazima ya pili, watahini watatu kwenye kioo cha simu wanakuwa wadogo kama stempu, na vidole vya stempu havisomeki. Akasema basi ninunue kompyuta. Nikakata simu.

Binti alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. Aliniuliza kwa mikono kama Alhamisi imekufa. Nikamjibu bado. Akaniuliza tena, polepole zaidi, kwa sababu aliona uso wangu haukubaliani na mikono.

Jumanne nikaanza upya, safari hii bila kumuuliza mtu, nikisoma tu. Ndipo nikagundua kwamba kuna mmoja, sijui ni mwanamume au mwanamke, sijui ni wa nchi gani, ambaye ana kadi kama yangu na ni mkaidi kama mimi. Kila kiini cha Linux kinapobadilika, huyu mtu anakaa anaishonea ile draiva ya zamani viraka, ili ikubali kukaa ndani ya mfumo mpya, kisha anaviweka mahali pa wazi kila mtu achukue. Hakuandika maneno mengi. Aliandika kwamba mashine yake bado nzima na haoni sababu ya kuitupa. Nililisoma hilo nikaona kumbe wenye akili bado wapo. Draiva yenyewe, ile isiyotambuliwa, kampuni bado ilikuwa imeiacha kwenye kona ya ghala lake, na nikaanza kuishusha.

Bando langu likaisha katikati. Nikiwa bado nimekodoa macho, jirani akaingia, akaweka simu yake mezani ikiwa imeshawashwa kugawa intaneti, akakaa kwenye benchi. Alikuwa amefunga duka lake mchana kweupe. Baada ya muda akaniuliza kama apande basi arudi Kampala akaitafute ile ya zamani kwa mpwa wake. Alimaanisha. Nikamwambia akae tu, lakini asiguse kibodi. Akaikunja mikono yake kifuani ili nione haiko karibu.

Sitadanganya kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Mara ya kwanza niliitengeneza draiva na viraka vyake ikagoma, kwa sababu nilichukua viraka vya kiini kingine. Nikapata vyenyewe, umeme ukakatika katikati ya kazi, tukangoja jenereta la mwenye nyumba. Ikakubali kutengenezeka, lakini kumbe ile draiva ya bure ilikuwa inawahi kuikalia kadi kila mashine inapowaka, kama abiria aliyekaa kiti chako na kujifanya amelala. Ilibidi niuandikie mfumo amri ya kuizuia isiamke. Nikawasha, ukurasa wa kuingilia ukatokea, lakini nilipoingia tu kioo kikawa cheusi tii. Jirani akaanza kusali kwa Kiganda. Nikarudi kusoma, nikaona wengine waliokwama hapo: mfumo mpya una njia mpya ya kuchora madirisha, na kadi yangu inaijua ile ya zamani tu. Mahali pa kuchagua njia palikuwepo, pamefichwa chini kwenye pembe ya ukurasa wa kuingilia, kitufe kidogo ambacho mtu asiyetafuta hawezi kukiona. Waliokiweka pale nao Mungu anawaona.

Jumatano mchana niliwasha tena. Herufi zikapungua zikawa herufi. Ukurasa ukateleza. Nikampigia mwalimu, akainua mkono kusalimia, na mkono ukapanda, ukapinda, ukashuka, vidole vyote vikiwepo. Binti alinisukuma kutoka kwenye kiti changu mwenyewe ili akae yeye. Walizungumza wakafidia siku zote zilizopita, na kwa jinsi walivyokuwa wakigeuka kunitazama na kucheka najua walinisema. Jirani alipangusa macho, akasema ni vumbi. Nikauamuru mfumo usibadilishe kiini chake tena bila ruhusa yangu, halafu nikachukua kalamu nene nikaandika ubavuni mwa kasha: USISAFISHE. Jirani aliisoma, akasema ameelewa.

Alhamisi asubuhi nilifunga mlango wa duka nusu, nikamvalisha binti blauzi ya rangi moja ili mikono isipotee kwenye maua ya kitambaa. Hilo alitufundisha mwalimu. Watahini walitokea: mkuu wa shule, mwanamume anayesikia, katikati, kulia kwake mwalimu mwingine ambaye ni kiziwi, kushoto matroni. Picha ilikuwa safi mpaka niliona kifungo kilichokatika kwenye koti la mkuu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kioo, nikiitazama mashine kuliko watu, nikingoja inidhalilishe.

Mkuu wa shule akafungua mdomo. "Karibu, mama," akasema kwa sauti. "Kwanza tueleze, huyu mtoto anajua kusoma vizuri? Anaweza kujihudumia mwenyewe? Hana matatizo ya tabia?"

Na mimi, baada ya yote hayo, nilivuta pumzi nimjibu. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Binti hakusikia swali, lakini aliuona mdomo wa mkuu unacheza na macho yake yananitazama mimi, akaona na wangu unafunguka. Akapiga meza kwa kiganja. Nilishtuka. Alingoja mpaka wote watatu wamtazame, kisha akainua mikono mbele ya kamera, akasema bila haraka, kila alama ikikaa mahali pake:

"Mimi niko hapa. Niulize mimi."

Yule mwalimu kiziwi aliinama akacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Kisha akamgeukia mkuu wake akayarudia maneno yale yale, makubwa zaidi. Matroni akatazama chini. Mkuu wa shule aliweka kalamu mezani. Uso wake ulibadilika, na nakiri haukuwa uso wa mtu aliyekasirika. Akainua mikono yake mizito, akaanza upya: jina lako nani?

Binti akamtajia jina lake kwa vidole, herufi moja baada ya nyingine. Hakunitazama tena. Nilisimama pale kidogo, nikaona hakuna kazi yangu, nikatoka nje nikarudisha mlango. Jirani alikuwa amekaa kwenye ngazi, akaniuliza usaili unaendaje.

"Sijui," nikamwambia. "Hawaniulizi mimi."

Wiki iliyofuata shule ilileta ujumbe. Haukuanza na mzazi mpendwa, ulianza na jina lake, naye akausoma mwenyewe mpaka mwisho huku mimi nimesimama nyuma ya bega lake nikihangaika na miwani. Kisha akazungusha kiti, akanishika mikono akaishusha nisimkatize, akaniambia kwa alama kwamba amepata kile kitanda na anaondoka muhula ukifunguliwa. Aliniambia polepole, akirudia, kama mtu anayeongea na mzee asiyesikia vizuri.